Maneno ya Kamati Siku ya Kuondoa Matanga ya Dada Yetu Mshonaji



Kamati ilitutuma tuseme maneno machache leo tunapoondoa matanga. Kwanza tunashukuru familia iliyotupokea katika parsele yake, tunashukuru mama waliopika toka asubuhi, na vijana waliolala inje karibu na moto siku zote hizi. Familia ilituomba jina la marehemu tusiliandike katika gazeti letu, na sisi tunaheshimu. Walio hapa wanamjua. Walio mbali, tunawaomba wamjue kwa kazi ya mikono yake.

Dada yetu alizaliwa Lugufu, kule Kigoma, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita ya 1996. Alirudi mwaka 2007, mtoto wa miaka 8, kwa meli ya kutoka Kigoma mpaka Baraka. Wengi wetu tulipanda meli kama ile. Mnakumbuka namna wakubwa walivyolia na kuimba walipoona milima ya Ubwari. Yeye hakuimba. Ile milima hakuijua, Congo yake ilikuwa ya masimulizi ya koko wake tu: nyumba ya matofali, mwembe mbele ya mlango, njia ya kushukia ziwani. Walipofika walikuta kichaka, na katikati ya kichaka mwembe. Koko alikaa chini yake akanyamaza. Mtoto akamwambia: "Koko, si mwembe iko? Basi ulisema kweli."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alianza na kile kilichobaki.

Kushona kwa mkono alifundishwa na koko kule kambini, kwa nyuzi walizofumua katika masweta kuukuu. Hapa nyumbani watoto walimcheka kwanza kwa sababu alisema "ugali" pahali pa "bugali", wakamwita wa Tanzania. Hakujibu. Alichukua kitambaa, akawashonea kila mmoja herufi ya kwanza ya jina lake, na wale waliomcheka wakaja kupanga mustari.

Alipokuwa mkubwa, mashuka yake yalijulikana. Lakini mtu akimwomba shuka ya harusi, hakuuliza rangi kwanza. Aliuliza: "Kwenu, mbele ya vita, kulikuwa nini mlangoni?" Basi mama mmoja alipata jiko lake la zamani na sufuria tatu juu. Mzee mmoja alipata mitumbwi ya ndagala usiku, taa zote zikiwaka juu ya maji, naye aliikataa kuitandika kitandani, akaitundika ukutani. Sisi tuliopoteza picha zote katika kukimbia, dada huyu alitupa picha kwa uzi.

Wiki moja mbele ya masomo kufunguliwa, mlango wake ulijaa mashati meupe na sketi za bluu za watoto, zilizopasuka mwaka mzima. Alishona mpaka taa inaisha mafuta. Mzazi akiuliza bei, alisema: "Utanilipa mutoto akipita." Watoto wengi walipita. Malipo hatuna hakika kama aliyapata.

Alikuwa mpole, ila upole wake haukuwa uoga. Wengi mnakumbuka mkutano ule tuliotaka kumfuta mwanachama mmoja aliyekosa kutoa likelemba mara tatu. Wanaume walikwisha kusema, mama walikwisha kusema. Yeye akainua mkono, mtoto akiwa mgongoni, akasema: "Kama tunafukuza mwenye hana, sasa tunasaidiana na nani?" Tulinyamaza wote. Baada ya kifo chake tuliona katika daftari lake kwamba ile michango mitatu aliilipa yeye mwenyewe, na hakumwambia mtu.

Sasa tunafika pahali pagumu. Kamati ilikaa, ikajiuliza kama inafaa kusema haya mbele ya watu na mbele ya wafadhili. Tulikubaliana kwamba kama hatusemi, tutakuwa tumemzika mara mbili.

Usiku ule alizaa mtoto wake wa pili nyumbani, mtoto mzima, aliyelia vizuri. Kisha damu haikukata. Mama mkunga alisema palepale: hospitali, sasa hivi. Mume wake akakimbia kwa mtunza kasha wetu, kuomba pesa ya pikipiki na ya kuingilia hospitali. Mfuko wa mshikamano tuko nao, na pesa ilikuwa ndani. Lakini kasha letu lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu. Mbili zilipatikana. Ya tatu ilikuwa Uvira, katika mfuko wa mwenzetu aliyekwenda kwenye kilio cha ndugu yake.

Hakuna aliyethubutu kuvunja. Tulisema: pesa ya watu, tutajibu nini? Vijana wakapita nyumba kwa nyumba kukusanya, huyu noti moja, yule mbili, watu wengine tulipaswa kuwaamsha. Mwenye pikipiki alitaka mafuta mbele. Wakati wanaondoka, saa mbili na zaidi zilikuwa zimepita. Dada yetu alikufa njiani, kichwa chake kikiwa juu ya bega la wifi yake.

Hatusemi kwamba angefika mapema angepona. Hilo Mungu ndiye anajua. Tunasema tu kwamba damu ya uzazi haingojei, inaweza kumaliza mtu kwa muda mfupi sana, na ule muda tuliupoteza sisi. Hatumlaumu mwenye ufunguo, wala mtunza kasha, wala mwenye pikipiki. Kanuni ya funguo tatu tuliipiga kura sisi wenyewe na tukaishangilia. Ni kanuni nzuri. Kufuli linazuia mwizi. Lakini usiku ule lilimzuia mwenye mali. Na kile kitambaa kinachofunika kasha, chenye mikono miwili inayoshika kasia moja, ni yeye alikishona.

Kwa hiyo kamati imeamua mambo haya, na tunaomba mkutano mkuu uyakubali.

La kwanza: kila avenue itakuwa na pesa kidogo ya dharura inje ya kasha, kwa mama mmoja anayejulikana, anayelala nyumbani kwake. Anatoa usiku, anaandika asubuhi. Akisafiri, anamwachia mwenzake mbele ya mashahidi wawili.

La pili: tumeongea na vijana wa pikipiki. Wale waliokubali wataondoka na mgonjwa bila kuulizia pesa, na chama kitawalipa kesho yake kabla ya saa sita ya mchana. Tukikosa kuwalipa mara moja tu, mapatano yamekufa. Tusikose.

La tatu: mama mwenye mimba, akifika mwezi wa saba, ajulishe avenue yake. Tutapanga mapema nani atamsindikiza, nani atabaki na watoto, na kama nyumba yake iko mbali, alale kwa ndugu karibu na hospitali wiki za mwisho. Wanaume, hili si jambo la wanawake. Ni nyinyi mnaokimbia usiku kutafuta pikipiki.

La ine: mtoto mchanga na dada yake mkubwa ni wetu. Maziwa ya mtoto yatalipwa na chama mpaka ataanza kula vizuri. Masomo ya msingi hayalipwi siku hizi, lakini madaftari na uniforme zinalipwa, na hizo tutazitoa.

Kwenu marafiki na wafadhili, na kwenu ndugu zetu mliotoka Nyarugusu mkapelekwa Marekani na nchi zingine, ambao kila mwaka mnatukumbuka: kuna mmoja wenu aliyeuliza kama anaweza kulipia kaburi la simenti. Tunamshukuru kwa moyo. Familia imesema msalaba wa mti unatosha kwa sasa. Kitu tunachowaomba ni hiki: mtukubalie sehemu ya mfuko ikae inje ya kasha. Tunajua mtu anayetoa pesa anataka kuona namna inavyolindwa. Tutawatumia hesabu ya kila mwezi, hata kama ni ya pikipiki moja. Siku ikipotea, tutawaambia imepotea. Lakini msitudai tena kufuli tatu kwa mama anayetokwa na damu.

Wasichana sita waliokuwa wanajifunza kwake wataendelea, chini ya mwembe uleule, kila siku ya pili na ya ine. Mashini yake iko mzima. Mume wake amesema isiuzwe.

Katika kikapu chake tulikuta kikwembe ambacho hakukimaliza. Ni meli, watu wamejaa juu, milima mbele yao. Mavazi ya watu yamekwisha shonwa, sura bado. Wasichana waliomba kumalizia. Koko alikishika kwa muda mrefu, kisha akasema hapana, kiachwe hivyo, mtoto atahitaji ngobi. Yuko pale sasa, anasinzia mgongoni mwa shangazi yake, na ile meli inamshika.

Tumlaze dada yetu kwa amani. Tule chakula kilichopikwa, kisha siku ya Mungu baada ya ibada, kila avenue ikutane ichague mama wake wa dharura. Msingoje kamati iwaite.