SERIKALI YA JIJI NA WENYE BIASHARA NDOGO

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika darasa la tawi, Nairobi)



Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaona si kazi ya chama cha wafanyakazi. Twataka kusema juu ya mama mboga, fundi wa viatu, mwuza mitumba, mwenye kibanda cha chai na fundi wa jua kali. Na juu ya serikali ya jiji la Nairobi, ambayo watu wengi waiita kanju hata leo. Swali letu ni hili: Serikali ya jiji yaweza kumsaidiaje mwenye biashara ndogo? Na sisi tunaopokea mshahara, yatuhusu nini?

Yatuhusu sana. Kwanza, mshahara wetu hauishii benki. Huenda sokoni. Mfanyakazi wa kiwanda cha Industrial Area hula mchana katika kibanda, hushonewa viatu kando ya njia, na jioni hununua sukuma wiki karibu na mlango wake. Vitu vikipanda bei pale, ni mshahara umepunguzwa bila barua. Pili, wengi wetu tuna mke, mama au dada anayeuza sokoni, na karo ya watoto hutoka katika mifuko miwili. Tatu, kazi ya mshahara haina mizizi. Katika miaka ya 1990 maelfu ya watumishi wa Serikali walipunguzwa kazini, na wengi waliopata kiinua mgongo walikwenda kukitia katika duka au kibanda. Hata leo, katika kila watu kumi wenye kazi Kenya nje ya kilimo kidogo, zaidi ya wanane wamo katika biashara ndogo na kazi za jua kali. Basi anayemdharau mchuuzi ajue kwamba huenda anamdharau nduguye, au yeye mwenyewe wa kesho.

KAZI HII NI YA NANI?

Wako wanaodhani kwamba jiji likimsaidia mchuuzi, limemfanyia hisani. Sivyo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, yaipa serikali ya kaunti kazi ya kustawisha biashara na kuisimamia, pamoja na masoko, leseni za biashara na vyama vya ushirika. Hiyo ni kazi yake, kama ilivyo kazi ya dereva kuendesha gari. Na Sheria ya Biashara Ndogo ya 2012 yatuambia biashara ndogo kabisa ni ipi: ni ile yenye watu wasiofika 10, na ambayo mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi 500,000. Mama mboga yumo katika sheria hiyo. Hakujificha.

Tena jambo hili si jipya. Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa, ILO, walitoa taarifa kubwa juu ya kazi na mapato katika Kenya. Waliona kwamba mafundi na wachuuzi wadogo si watu wavivu wasio na kazi, bali ni watu wanaofanya kazi nyingi yenye faida kwa nchi, lakini wanasumbuliwa. Walishauri kwamba kuvunja-vunja kukomeshwe na leseni zisizo na maana ziondolewe. Miaka imepita zaidi ya hamsini, na shauri hilo bado halijatimizwa lote.

Sasa tutaje mambo manne ambayo jiji laweza kufanya, kisha tuseme wajibu wetu.

LA KWANZA: MAHALI

Watu wengi wakisema juu ya kumsaidia mwenye biashara ndogo, husema juu ya mkopo. Mkopo ni kitu kizuri. Lakini mtaji wa kwanza wa mchuuzi ni mahali pa kuuzia, ambapo wateja wanapita na ambapo hafukuzwi.

Tufanye hesabu. Tuseme mama mmoja amekopa shilingi 3,000 katika chama chao cha akina mama. Alfajiri amenunua mboga na nyanya Marikiti, akalipa mkokoteni. Saa nne lori la askari linakuja, mali inatupwa ndani, naye anapelekwa mbele ya hakimu na kutozwa faini. Siku moja imemla mtaji, imemla faida, na imemwachia deni. Mkopo wa pili hautamwokoa mama huyo. Utamwongezea deni tu, ikiwa mahali pake ni pale pale pa kukimbizwa.

Nairobi imejaribu kujenga masoko. Katika 2008 soko la Muthurwa lilifunguliwa ili wachuuzi watoke katikati ya mji. Wengi walikwenda, na wako huko mpaka leo. Lakini wengi walirudi barabarani. Kwa nini? Si kwa ukaidi. Mwuza soksi, leso na ndizi humtegemea mtu anayetoka steji kwenda kazini na anayerudi jioni. Mtu huyo hataacha njia yake kwenda kutafuta soksi mbali. Mwenye kujenga soko hana budi kwanza asimame kando ya njia ahesabu miguu ya watu.

Tazameni mji mwingine wa Afrika uliokuwa na taabu kama hii. Huko Durban, Afrika Kusini, kuna mahali panaitwa Warwick Junction, penye kituo cha reli, mabasi na teksi. Zamani za ubaguzi wa rangi wachuuzi wa hapo walikimbizwa kama wa kwetu. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ya mji ilibadili njia. Maofisa wake walikaa pamoja na wachuuzi, wakauliza kila kundi lahitaji nini. Wauza dawa za miti walijengewa soko juu ya kipande cha daraja la barabara kilichokuwa hakitumiwi. Wapikaji wa mahindi na wa vichwa vya ng'ombe walitengenezewa mahali pa kupikia panapofaa kazi yao. Wachuuzi walibaki pale pale watu wanapopita, lakini katika hali njema zaidi.

Hata hivyo yafaa tujue pia kwamba wema wa serikali ya mji haudumu wenyewe. Katika 2009 mji huo huo ulitaka kuliondoa soko la Warwick lililoanza mwaka 1910, ili pajengwe duka kubwa la kisasa. Wachuuzi walikuwa na umoja wao, wakapata mawakili na marafiki, wakakataa. Duka hilo halikujengwa, na soko lingali linasimama.

LA PILI: RISITI MOJA

Kabla ya 1999 mwenye duka dogo Kenya alitafuta leseni nyingi katika ofisi nyingi. Mwaka huo mabaraza ya miji yalianza kutoa leseni moja ya biashara. Lakini polepole karatasi zikarudi: ya afya ya chakula, ya zima moto, ya bango la mlangoni. Tangu 2023 Kaunti ya Nairobi imejaribu kuziunganisha tena katika leseni moja. Hiyo ni hatua njema, nasi twaisifu. Ila kuunganisha karatasi si kupunguza bei. Yafaa tuangalie jumla chini ya karatasi.

Hesabu ya Serikali ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba katika Kenya biashara ndogo zenye leseni zilikuwa karibu milioni 1.56, na zisizo na leseni karibu milioni 5.85. Maana yake, watu wengi kabisa wako nje ya mlango. Je, wote ni wakaidi? Hapana. Leseni ikiwa ghali, ngumu kupata, tena haimkingi mtu na lori la askari, ataona heri akae bila leseni. Risiti ikiwa na nguvu ya kumlinda, ataifuata mwenyewe.

LA TATU: MAJI, CHOO, TAA NA NJIA YA ZIMA MOTO

Mchuuzi wa sokoni hulipa ada kila siku. Anaponunua risiti ile ananunua nini? Twasema anunue maji, choo safi, taa ya jioni, na lori la takataka linalokuja kwa siku yake. Mama akikosa choo, hufunga meza yake akatafute mbali. Taa zikikosekana, saa ya watu kutoka kazini, ambayo ndiyo saa ya mauzo, huwa saa ya wezi.

Na jambo hili ni la uhai. Gikomba imeungua mara nyingi. Usiku mmoja wa Juni 2018 moto ule uliua watu 15. Penye vibanda vilivyobanana na njia nyembamba, gari la zima moto hushindwa kufika, na maji yakiwa mbali moto hula kila kitu. Mwenye kibanda kilichoungua hana bima. Kesho yake huanza na deni. Njia pana ya gari na bomba la maji katika soko zingemfaa kuliko hotuba nyingi, hata hii yetu.

LA NNE: JIJI LINUNUE KWAO, LILIPE KWA WAKATI

Serikali ya jiji ni mnunuzi mkubwa. Hununua viti, madawati, nguo za kazi, chakula, milango na madirisha ya chuma. Sheria ya ununuzi ya 2015 yasema asilimia 30 ya ununuzi wa umma iwekwe kwa ajili ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mafundi wa Kamukunji na Kariobangi wanajua kutengeneza vitu hivyo. Wapewe.

Lakini kupewa kazi bila kulipwa ni taabu juu ya taabu. Taarifa za Msimamizi wa Bajeti zimeonyesha mara kwa mara kwamba Nairobi yaongoza kaunti zote kwa madeni isiyowalipa watu. Kampuni kubwa yaweza kungoja mwaka. Fundi aliyekopa chuma na kuwaahidi vijana wake watatu mshahara wa Jumamosi hawezi kungoja hata miezi miwili. Wale vijana watatu nao ni wafanyakazi, ingawa hawana kadi ya chama. Jiji lisipomlipa fundi, ni mshahara wa wafanyakazi uliozuiwa.

ASKARI NA MCHUUZI

Hapa pana jambo gumu, nasi hatutalikwepa. Askari anayemkimbiza mchuuzi naye ni mfanyakazi. Ana mshahara mdogo, ana watoto, hupewa amri asubuhi. Tena sehemu ya mshahara wake hutoka katika ada na leseni zile zile. Asiyepata mahali pa kuuza hawezi kulipa ada. Ada isipolipwa, mshahara wa mfanyakazi wa jiji hukawia. Kwa hivyo hawa wawili hula chungu kimoja.

Basi askari anayechukua kitu kidogo aiba mara mbili: amwibia mchuuzi, na aiibia hazina inayomlipa yeye na wenzake. Na mkubwa anayemtuma kijana kuvunja mali za maskini, kisha yeye akae ofisini, asifikiri kwamba mikono yake ni safi. Mwezi wa Mei 1990 Muoroto ilivunjwa kwa nguvu. Miaka ile Nairobi haikuwa na madiwani wa kuchaguliwa. Tangu 1983 mpaka 1992 ilitawaliwa na Tume iliyoteuliwa. Mwananchi hakuwa na diwani wa kumwuliza. Leo tuna wajumbe wa wadi 85. Tukinyamaza, kosa ni la nani?

Wachuuzi nao wana wajibu. Waache njia ya mwenda kwa miguu, kipofu na mama mwenye mtoto. Wasimwage taka mtaroni. Walipe ada na kudai risiti. Na waandike hesabu, kwani mali bila daftari huisha bila habari.

TUFANYE NINI?

Ndugu, jiji lina kalenda yake, na mtu asiyejua kalenda hufika mkutano umekwisha. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Makadirio ya fedha hupelekwa kabla ya tarehe 30 Aprili. Mswada wa Fedha, ambao ndio hutaja bei za leseni na ada za soko, hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya ule wa matumizi. Katika hatua hizi sheria yataka wananchi wasikilizwe.

Twashauri mambo matatu. Kila tawi lichague watu wawili wa kufuata tarehe hizo na kuwaletea wanachama habari. Watu hao waonane na kamati za masoko na za jua kali katika mtaa wao, wakubaliane maombi machache yanayoweza kuhesabika: bomba moja la maji, taa kadhaa, njia ya zima moto, bei fulani ya leseni. Kisha waende pamoja, mfanyakazi wa kiwanda, mfanyakazi wa jiji na mchuuzi, wakae ubao mmoja mbele ya mjumbe wao wa wadi, na majibu yaandikwe.

Hatuombi sadaka. Twaomba serikali ya jiji ifanye kazi iliyopewa na Katiba kwa fedha ambazo watu hawa hawa wamelipa. Mchuuzi mmoja akilalamika, huambiwa aondoke njiani. Wakija mia pamoja na chama cha wafanyakazi, wataletewa viti.

Umoja ni nguvu.