Haki Ikishapatikana Hulindwa: Somo Kutoka Historia ya Wamarekani



Kuna kijana aliniuliza, "Historia ya Marekani na sisi wapi na wapi?" Swali zuri. Wengi wetu Marekani tunaijua kwa sinema na mpira wa kikapu. Leo hebu tupite vituo vichache tu vya safari yao, kisha mwenyewe utaona kama inakuhusu ama haikuhusu.

KITUO CHA KWANZA: 1776 NA 1787

Tarehe 4 Julai 1776 makoloni 13 yalitangaza kuachana na Uingereza. Tangazo lenyewe lilisema watu wote wameumbwa sawa. Maneno matamu. Lakini aliyeliandika, Thomas Jefferson, alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Miaka 11 baadaye, 1787, ikaandikwa katiba. Humo wakakubaliana kwamba katika kugawa viti vya bunge, watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Mtumwa hakupiga kura, lakini kichwa chake kilimuongezea bwana wake nguvu bungeni. Yaani unahesabiwa ili ukandamizwe zaidi.

Na miongoni mwa watumwa hao walikuwemo Waislamu. Omar ibn Said alikuwa msomi wa Futa Toro, upande wa Senegal ya leo. Alitekwa mwaka 1807 akauzwa Charleston. Mwaka 1831, akiwa bado mtumwa North Carolina, aliandika maisha yake kwa Kiarabu, na akaanza kwa Surat al-Mulk, sura inayotukumbusha ufalme ni wa nani. Tafakari hilo. Mtu anaambiwa yeye ni mali ya mtu, naye anaanza kwa sura hiyo. Karatasi zake leo ziko katika Maktaba ya Bunge la Marekani.

KITUO CHA PILI: 1865 HADI 1877

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliua watu zaidi ya 600,000, vikaisha 1865. Utumwa ukafutwa mwaka huohuo. Mwaka 1868 weusi wakatambuliwa raia. Mwaka 1870 wanaume weusi wakapewa kura, na Hiram Revels wa Mississippi akawa mtu mweusi wa kwanza kuingia seneti. Miaka mitano tu tangu minyororo! Ungekuwepo ungesema basi, kazi imeisha.

Haikuisha. Mwaka 1877 wanasiasa walipatana, wanajeshi wa serikali kuu waliokuwa wakiwalinda watu weusi kusini wakaondolewa, na wakubwa wa zamani wakarudi. Wala hawakuifuta katiba. Waliweka vikwazo vidogovidogo: lipa kodi ndiyo upige kura, soma kifungu hiki cha sheria kisha ukieleze. Na anayeamua kama umeeleza sawa ni karani mzungu. Ukaidi ukizidi, kuna watu wa kukufuata nyumbani usiku. Louisiana ilikuwa na wapiga kura weusi zaidi ya 130,000 mwaka 1896. Kufika 1904 walibaki kama 1,300. Katiba ile ile, haki ile ile imeandikwa, lakini watu wamefutwa kwenye daftari.

KITUO CHA TATU: MONTGOMERY, 1955

Wengi mmesikia habari za Rosa Parks, mama aliyekataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi tarehe 1 Desemba 1955. Lakini miezi tisa kabla yake kulikuwa na msichana wa shule, Claudette Colvin, miaka 15, aliyekataa vilevile akakamatwa. Wazee wakaona bado ni mdogo, si yeye wa kusimamisha kesi kubwa. Akawekwa kando. Lakini ilipokuja kesi iliyovunja ubaguzi wa mabasi ya Montgomery, Claudette alikuwa mmoja wa wanawake wanne walioishtaki serikali. Vijana, mnanielewa? Ukiambiwa wewe mdogo, usiende kulala. Zamu yako ipo.

Na usidhani mambo yalizuka tu. Usiku ule Rosa alipokamatwa, mwalimu wa chuo Jo Ann Robinson alikesha akichapisha maelfu ya makaratasi ya kuwaambia watu wasusie mabasi. Kundi lake la kina mama lilikuwa limejipanga miaka kadhaa. Mgomo ukaanza Jumatatu, tarehe 5 Desemba. Msemaji wao, Martin Luther King, alikuwa na miaka 26. Abiria wengi wa mabasi yale walikuwa weusi, kwa hivyo kampuni iliumia mfukoni. Watu walitembea kwa miguu kwenda kazini. Wenye magari walipanga vituo na saa za kubeba wenzao. Mama wa kufua na kupika kwenye nyumba za wazungu alirudi jioni miguu imevimba, na kesho yake akatembea tena. Nyumba ya King ikalipuliwa kwa bomu. Hawakurudi kwenye basi. Siku 381! Mahakama ya Juu ikaamua upande wao, na tarehe 21 Desemba 1956 wakapanda basi na kukaa wanapotaka.

KITUO CHA NNE: SELMA, 1965

Kikabaki kile cha Louisiana: daftari. Tarehe 7 Machi 1965 watu kama 600 walitoka Selma kwa miguu kudai kura. Wakafika darajani, polisi wakawavamia kwa virungu na gesi ya machozi, televisheni zikaonyesha nchi nzima. Tarehe 6 Agosti sheria ya haki ya kura ikatiwa sahihi. Hesabu mwenyewe: tangu 1870 hadi 1965 ni miaka 95, kudai kitu kilichokuwa tayari kimeandikwa kwenye katiba.

Na bado. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ililegeza sehemu kubwa ya sheria hiyo. Wajukuu wa waliopigwa darajani wamerudi kazini.

SISI TUNAINGIA WAPI?

Thurgood Marshall, wakili aliyeshinda kesi ya kuondoa ubaguzi shuleni mwaka 1954, alikuja Nairobi kisha akaenda London mwaka 1960 kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mazungumzo ya katiba. Aliwaandikia rasimu ya haki za raia, na akasisitiza walio wachache nao walindwe. Alijua kwa uchungu maana ya kuwa wachache bila ulinzi. Kwa hiyo historia hii ilishapita hapa kwetu zamani.

Leo sisi tuna katiba ya 2010, na Sura ya Nne imejaa haki. Nzuri sana. Lakini Louisiana pia walikuwa na katiba nzuri. Basi nawauliza, tena kwa mapenzi: wangapi hapa mmeisoma hiyo Sura ya Nne? Wangapi mna kitambulisho na mmejiandikisha kura? Na mwenzako akizungushwa ofisini kwa ajili ya jina lake, unamsindikiza ama unampa pole kwenye simu?

Sitaki mniahidi makubwa. Wiki hii fanya mambo mawili. Soma kifungu kimoja cha Sura ya Nne, na umchukue mtu mmoja asiye na kitambulisho muende naye ofisini, mkae foleni pamoja. Montgomery ilianza kwa makaratasi ya usiku mmoja na watu waliokuwa wamejipanga zamani. Tujipange kabla ya siku kufika.

Wabillahi tawfiq. Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.