UZI: "Vijana hawataki kazi." Kweli?

Wengi mliniomba yale niliyosema kwenye mkutano wa vijana pale Wote. Nayaweka hapa kama nilivyoyasema. Sitaji mwanasiasa wala chama, maana hoja hii huitumia wa pande zote.

Kampeni zikifika Kitui na Makueni utaisikia jukwaani: vijana wamekuwa wavivu, hoteli zinatafuta wahudumu na hawapatikani. Upande wa pili unajibu kwamba kazi hakuna kabisa. Mimi nina hoteli ndogo Emali, kando ya barabara ya Mombasa. Acheni niseme nilichokiona.

Kabla ya korona nilikuwa na wasichana watatu. Biashara yetu ilikuwa ya usiku: mabasi, madereva wa malori, chai na chapati saa nane. Reli mpya ilikuwa imetunyang'anya abiria tangu 2017, lakini tulisukuma hivyo hivyo. Halafu Machi 2020 ikaja kafyu, kuanzia saa moja jioni. Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa, mpaka Julai. Basi la usiku likapotea. Niliwapa wale wasichana nauli na unga, nikawaambia nitawaita.

Kafyu iliondolewa Oktoba 2021. Hesabu mwenyewe: karibu miezi 19.

Nilipowaita, mmoja alikuwa ameshaenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Mwingine hakushika simu. Wa tatu, wa kule Mutomo, alinijibu kwa heshima: "Mwaitu, nikirudi nitabaki na nini?"

Tukapiga hesabu. Nilikuwa nikilipa 6,000 kwa mwezi, na chakula. Chumba Emali ni 2,000. Nauli ya kwenda kumwona mtoto mara moja kwa mwezi, elfu na ushee. Mama yake alikuwa amedhoofika, kwa hivyo ilibidi alipe mtu wa kumlea mtoto. Nyumbani alikuwa akiuza mandazi karibu na shule. Siku mbaya anapata 150, lakini analala kwake, na hakuna mtu wa kuamka asubuhi moja amwambie kazi imeisha. Hilo la mwisho lilinichoma, maana aliyemwambia ni mimi.

Wanaosema ni uvivu wakumbuke ukame. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Ndengu za kuuza hakuna, mbuzi wanakufa. Vijana waliondoka kutafuta kazi, tena wengi. Ila walipita Emali bila kushuka.

Kwa nini wasishuke? Kiwango cha chini cha mshahara Kenya si kimoja. Agizo la 2022 lilimpa kibarua wa kawaida kama 15,200 akiwa Nairobi, Mombasa au Kisumu. Kwenye "maeneo mengine", tulimo sisi wa Emali na Mtito Andei, kama 8,100. Novemba 2024 ikaongezwa asilimia 6, kote. Asilimia sita ya kidogo ni kidogo. Na mafuta ya kupikia hayauzwi kwa bei ya "maeneo mengine".

Ndiyo, 6,000 yangu ilikuwa chini hata ya kiwango cha 2018. Sijivunii. Tulikuwa wengi tuliolipa hivyo, na hakuna afisa wa leba aliyewahi kuniuliza.

Sasa nataka muwaulize wagombea wenu, wa upande wowote: hilo pengo la Emali na Nairobi watalifanya nini? Na mwenye hoteli kama mimi, ambaye mabasi hayajarudi kama zamani, atalipaje? Akijibu kwamba vijana wabadilishe fikra, mwulize tena.

Kijana mmoja pale mkutanoni aliniuliza leo nalipa ngapi. 9,000, na Jumapili mapumziko. Nimepata msichana mmoja. Wa pili bado natafuta.