Nyumba za Kupangisha na Ghala la Yusufu

(Mazungumzo ya mweka hazina wetu katika kipindi cha uchumi wa familia, kongamano la maadhimisho. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa.)

 

Wachungaji wetu, wazee wa kanisa, mama zangu, vijana, na ninyi wapendwa mliovuka mpaka kutoka Holili, Moshi na Arusha, karibuni nyumbani. Nimepewa dakika kumi na tano, na mwenye kipindi ameshaanza kuangalia saa. Kwa hiyo nina neno moja tu: ukijenga nyumba za kupangisha kwa mkopo, usijenge bila ghala.

Mnamjua Yusufu. Katika Mwanzo 41 alimshauri Farao atenge sehemu ya tano ya mavuno katika ile miaka saba ya shibe. Yusufu alikuwa na neno la Mungu kuhusu njaa, na bado aliweka nafaka ghalani. Hakusema, "Njaa ikifika tutaona." Aliyesema hivyo ni mimi. Niwape ushuhuda, ingawa huu si ule wa kupigiwa makofi.

Mwaka 2018 nilikuwa na kiwanja changu hapa Taveta. Nikachukua mkopo wa shilingi milioni 1 ya Kenya kwenye sacco, riba asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua. Nikaongeza akiba yangu yote, nikajenga vyumba 10. Karani aliniuliza, "Ulipe kwa miaka 3 au 5?" Nikasema 3, deni lisikae nyumbani kwangu. Rejesho likawa kama 33,200 kila mwezi. Kodi ya chumba 4,000, mara 10, ni 40,000. Nikasema inatosha! Kilichobaki baada ya ushuru nikatengenezea geti.

Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Wapangaji wangu 4 walikuwa walimu wa shule za binafsi, mshahara ukakatika. Mei, Kenya ikafunga mpaka na Tanzania, yakawa yanapita malori ya mizigo tu. Wapangaji wengine 2 walikuwa wanauza nguo za kutoka ng'ambo, nao wakaondoka. Kufikia Juni nina wapangaji 4. Hiyo ni 16,000. Rejesho ni lile lile 33,200. Pengo ni 17,200 kila mwezi, na akaunti ni kavu.

Nilifunga, nikaomba. Sijutii maombi. Lakini wapendwa, nilikuwa namwomba Mungu anilipie hesabu niliyokataa kuifanya.

Nikashindwa mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sacco ikawaendea wadhamini wangu. Mmoja alikuwa dada yetu mjane wa ushirika huu. Januari 2021 shule zinafunguliwa, anakwenda kuomba mkopo wa karo, anaambiwa akiba yake imeshikwa kwa deni langu. Akaja kwangu. Hakupiga kelele. Akanywa chai, akasema, "Kaka, mtoto arudi shule na nini?" Sikuwa na jibu. Niliuza pikipiki wiki hiyo hiyo. Deni nimelimaliza, na yeye yuko humu ndani, ameniruhusu niseme. Lakini ile chai sijaisahau.

Sasa tufanye hesabu niliyopaswa kuifanya.

Mkopo ule ule, ukilipwa kwa miaka 5, rejesho ni kama 22,200. Riba yote inapanda kutoka kama 196,000 hadi 335,000. Ni ghali zaidi, sikatai. Lakini kila mwezi unapumua 11,000. Toa 22,200 kwenye 40,000. Toa ushuru wa kodi ya nyumba, ambao Kenya tangu 2024 ni asilimia 7.5, yaani 3,000. Toa 3,000 za vitasa, mabati na kunyonya choo. Inabaki 11,800. Hapo tenga sehemu ya tano ya kodi, 8,000, iende ghalani. Kwa mwaka mmoja una 96,000, marejesho ya miezi minne na zaidi. Njaa ikija, inakukuta umekaa.

Na hesabu hiyo usiifanye kwa vyumba vyote kujaa. Ifanye kama vyumba 2 ni vitupu. Mimi kwa 32,000 nilikuwa nimeshashindwa hata kabla ya korona, ila sikujua!

Ndugu zangu wa Tanzania, kwenu mpangaji hulipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Pesa hiyo inadanganya. Umepokea leo, lakini ni ya mwezi huu na ya ile inayokuja. Igawe kwa miezi, utumie ya mwezi mmoja. Na sisi wa Kenya, ile amana ya mwezi mmoja anayoweka mpangaji si yako. Siku akihama ataidai.

Ghala liwe akaunti ya peke yake. Lisikae kwenye simu, maana la simu huisha kwa harambee na nauli. Lisiwe ng'ombe wala kiwanja pia. Siku ya shida kila mtu anauza, na bei inaanguka.

Mwisho. Katika Luka 14 Yesu alizungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza akahesabu gharama. Basi leo jioni, mume na mke, kaeni mwandike hesabu yenu kwenye karatasi: vyumba 2 vitupu, na miezi mitatu ya marejesho ikiwa benki kabla ya jiwe la kwanza. Na usimwombe mpendwa yeyote akudhamini kabla hujamwonyesha karatasi hiyo. Ukiona aibu kuionyesha, bado hujawa tayari kukopa.