Kibodi Isiyo na Waya Inapogoma
Kibodi isiyo na waya ikinyamaza, msikimbilie kununua nyingine. Tazameni kwanza swichi, kisha badilisheni betri, hata kama ni zile zilizokuja nayo. Huenda zilikaa dukani muda mrefu. Kipokezi chake kidogo kihamisheni kutoka nyuma ya kompyuta hadi tundu la mbele, kwani bati la kasha hudhoofisha mawimbi, na kifaa cha USB 3.0 kilicho jirani huweza kuyavuruga yale ya gigahezi 2.4. Bado imegoma? Ijaribuni kwenye kompyuta nyingine. Ikishindikana huko pia, nayo dhamana haijaisha, irejesheni kwa muuzaji pamoja na risiti na kipokezi. Bila kipokezi hicho, kibodi nyingi za bei nafuu hazipimiki wala hazitumiki.