Saladi yenye ladha, na maji ya kuiosha

Kule Nyarugusu muliizoea kwa jina la kachumbari. Hapa Baraka wengi wanasema saladi. Chakula ni kile kile, wala hakihitaji makaa.

Shu ikatwe nyembamba kabisa, kama uzi. Itie chumvi, uikande kwa mkono mpaka ilainike na kutoa maji, kisha uikamue. Watu wengi wanaruka hatua hii, halafu wanasema shu mbichi ni chakula cha mbuzi! Kitunguu nacho kiloweke kwenye maji ya ndimu dakika 10, ukali utapungua. Ongeza karoti iliyokwaruzwa, nyanya, pilipili kidogo. Avoka iliyopondwa inashika nafasi ya mafuta. Juu yake mwaga karanga za kukaanga zilizotwangwa. Kwangu mimi hizo ndizo saladi yenyewe.

Lakini hapa munisikilize vizuri. Kipindupindu hakijatutoka huku kandokando ya ziwa, na mboga mbichi haipiti motoni. Ondoa udongo kwanza, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa klori. Mikono, kisu na sahani pia. Maji ya ziwa moja kwa moja, hapana. Munaniuliza kila mara kama ndimu inaua vijidudu: musiitegemee, ndimu ni ya ladha. Na saladi iliwe siku hiyo hiyo, isilazwe.

Sombe musiijaribu mbichi. Ina sumu, inataka kutwangwa na kuchemshwa sana.

Haya, tusogee kwenye beseni, shu zinatungoja.