Orodha Isomwe Mbele ya Wote

Maneno ya komite kwenye mkutano wa wanachama, Songo



Leo tunataka kuongea juu ya orodha. Kila mara mbegu, majembe ao mbolea inapofika, swali la kwanza ni: «Nani ameandikwa?» La pili linasemwa chini chini: «Na nani amemuandika?» Sisi tuliorudi tunajua maswali hayo tangu kambini. Yasipojibiwa, majirani wanaacha kusalimiana.

Wengi wetu tulikuwaka Tanzania wakati serikali ya kule ilipoanzisha mpango wa vocha za pembejeo, mwaka 2008. Vocha ililipa karibu nusu ya bei ya mbolea na mbegu ya mahindi ao mpunga, mkulima akamalizia nusu ingine. Ilikuwa kwa wakulima wadogo, wasiolima zaidi ya hektari moja. Kila kijiji kilichagua kamati ya vocha, nayo ikaandika majina. Kanuni ilikuwa nzuri. Lakini watafiti walipopita nyumba kwa nyumba huko Kilimanjaro, walikuta karibu vocha 60 kwa kila 100 zilifika katika nyumba za viongozi wa kijiji. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2012, wakati mbolea ilikuwa imekwisha kuingia udongoni.

Tusiseme viongozi wale wote walikuwa wezi. Kiongozi naye analima, naye ana watoto. Hata sisi wa komite tuko na mashamba. Ndiyo maana kuchagua watu wazuri hakutoshi: anayeandika orodha anakumbuka kwanza wale walio karibu naye. Mjane anayekaa mwisho wa avenue, nani atamukumbuka? Majirani zake, kama wanasikia orodha ikisomwa mapema.

Kuna wanaosema: majina yakitangazwa, wezi watajua nyumba yenye mbegu. Woga huo si wa bure, hapa Uvira tunaujua. Hata Ulaya walibishana juu yake. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikuwa zinatangaza majina ya wakulima wote waliopata pesa za ruzuku. Mwaka 2010 mahakama yao kuu ikasema kutangaza kila mtu kwa jina, bila kutofautisha, kunavunja haki ya siri ya mtu. Mwaka 2013 wakatunga sheria ingine: majina yatangazwe tena, lakini wale wanaopata pesa kidogo sana, kiasi cha euro 1.250 kwenda chini, majina yao yafichwe. Hawakufunga orodha, walitafuta njia ya kulinda mdogo na kumuona mkubwa.

Sisi tunapendekeza hivi. Kwanza, orodha isomwe kwa sauti hapa mkutanoni kabla ya kugawa: jina, kiasi, na sababu ya kuchaguliwa. Pili, jina la mtu wa komite ao wa familia yake lisomwe likisemwa wazi kwamba ni wetu. Tatu, siku 3 ziachwe kwa malalamiko, na yapokelewe na wazee 2 wasio wa komite. Ine, kisha kugawa, orodha ya waliosaini isomwe tena, juu kuandikwa si kupokea. Tano, orodha isibandikwe ukutani wala kutumwa kwa simu. Wafadhili watapata hesabu kamili: nyumba ngapi, kilo ngapi, wamama wangapi. Akitaka kuhakikisha, mfadhili aje aketi nasi mkutanoni.

Mfano huu ni mdogo. Lakini siku serikali yetu ao mradi mkubwa utakapoleta ruzuku kwa wakulima wa Ruzizi na wa kando ya ziwa, tutauliza: «Orodha iko wapi?» Hatutaweza kuuliza hivyo kama yetu iko mfukoni mwa mtu.

Sasa mikono juu, tupige kura.